Laxton: kijiji cha Uingereza ambako bado wanalima kwa ngwe

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia, Iringa: "Nafundisha kidato cha tano. Tukifika kwenye mapinduzi ya kilimo Uingereza nawaambia wanafunzi kwamba zamani vijiji vyao vililima mashamba ya wazi, ya pamoja, halafu matajiri wakazungushia ua, wakulima wakafukuzwa wakaenda viwandani. Juzi mwanafunzi kaniuliza, mwalimu, kama shamba lilikuwa la wote aliyekuwa anavuna ni nani? Mwingine akadai kuna kijiji huko wanalima hivyo mpaka leo. Nilikosa la kuwajibu, naomba msaada."

Habari ya kazi mwalimu. Huyo wa pili kasema kweli, kijiji kipo, kinaitwa Laxton, kiko mkoa wa Nottinghamshire, ukitoka mji wa Newark kuelekea Ollerton, jirani na msitu wa Sherwood. Na huyo wa kwanza mpe hongera yake, maana kauliza kitu ambacho watu wazima wengi wanakipita tu, wanasema "mashamba ya pamoja" basi wanaendelea. Nianze na lake kwa sababu ukishalielewa hilo Laxton inaeleweka yenyewe.

Shamba halikuwa la wote. Hapo ndipo tunapowapoteza watoto, tunasema pamoja wao wanawaza kijiji cha ujamaa, watu wanalima wote, wanavuna wote, wanagawana magunia. Haikuwa hivyo. Kiswahili tuna neno linalokaa hapo vizuri sana kuliko hayo ya kwenye vitabu, ngwe, ile sehemu nyembamba ya shamba anayopimiwa mtu alime. Sasa chukua eneo kubwa sana la kulima, halina ua wala miti ya kutenganisha, likatwe ngwe mamia kwa mamia, na kila ngwe ina mwenyewe. Huyu anapanda kwake, anapalilia kwake, anavuna kwake, gunia ni lake na hasara ni yake. Wengine ngwe ni mali yao kabisa, wengine wamekodi kwa bwana mwenye ardhi, padri naye ana zake za kanisa. Kilichokuwa cha pamoja ni vitu viwili, kalenda na malisho. Yaani shamba hili mwaka huu ni ngano kwa wote, lile linalala kwa wote, na mavuno yakishatoka mifugo ya wote inaingia kula mabua bila kuuliza hii ngwe ya nani. Kwa hiyo mjibu mwanafunzi wako hivi: aliyevuna ni mwenye ngwe, ila hakuwa na ruhusa ya kuamua peke yake apande nini wala afungie mifugo lini.

Halafu atakuuliza, sasa kwa nini ngwe za mtu mmoja zisiwe sehemu moja, kwa nini moja iko huku nyingine ng'ambo ya kilima? Ukilima utaelewa bila mtaalamu. Kijiji kina udongo mzuri na mbaya, kuna bondeni maji yanatuama, kuna mwinuko unaokauka mapema. Laxton penyewe udongo ni mfinyanzi mzito, mvua ikizidi jembe halipiti. Mtu mwenye ngwe zake zote bondeni mwaka wa mvua amekwisha, mwenye ngwe zilizotawanyika anakosa huku anapata kule. Wachumi wa leo wanaiita bima, na mimi nakubaliana nao kabisa japo kuna wasomi wanaosema ilitokana tu na kugawana urithi au kugawana pori jipya kila lilipofyekwa. Inawezekana yote yalikuwepo, lakini mfumo haudumu karne na karne kama hauwalishi watu.

Kitu kimoja ambacho wanafunzi wako watakipenda ni eka. Eka hiyo hiyo tunayokodishia mashamba, hatua 70 kwa 70, neno limetoka kwa Waingereza na kipimo kimetoka kwenye mashamba haya haya. Zamani eka ilihesabiwa kuwa eneo linalolimwa na jozi za ng'ombe kwa siku moja, na haikuwa mraba kama yetu, ilikuwa utepe mrefu, upana yadi 22 na urefu yadi 220, kwa mita ni kama 20 kwa 200 hivi. Urefu ule ni kwa sababu kugeuza ng'ombe wanane na plau nzito ni shughuli, afadhali uende mbele mpaka wachoke ndio ugeuze. Aliyelima na ng'ombe Usukuma anajua kugeuza kulivyo kazi hata kwa jozi moja, sasa fikiria jozi nne. Ndio maana ngwe za zamani nyingi zimepinda kidogo kama herufi S, ng'ombe walianza kukata kona kabla ya kufika mwisho. Na kwa kuwa plau ilitupa udongo upande mmoja miaka yote, ngwe zikainuka katikati zikawa matuta mapana, ambayo mpaka leo ukipita mikoa ya katikati ya Uingereza jua likiwa limelala unayaona chini ya majani, kwenye malisho ya kondoo ambako hakujalimwa miaka 200.

Haya, Laxton sasa. Kijiji kimo kwenye kile kitabu cha hesabu ya nchi nzima alichoagiza mfalme William mwaka 1086, na kaskazini ya kijiji kuna kilima cha ngome ya udongo ya Wanormani, yaani watu wa huyo William waliokuja kutoka Ufaransa, majengo hayapo tena ila kilima kiko na ni kikubwa kweli. Kwa nje ni kijiji kama vingine vya huko, kanisa la Mtakatifu Mikaeli, baa moja, nyumba za matofali mekundu. Lakini angalia nyumba za wakulima. Kwingine Uingereza mkulima anakaa katikati ya mashamba yake, mbali na kijiji. Laxton wakulima wako kijijini, barabarani, nyumba nyingi zimeipa barabara ubavu na nyuma yake ndiko kuna zizi na ghala, kwa sababu mashamba yao hayako sehemu moja, yametawanyika pande zote, kwa hiyo sehemu inayofaa kuishi ni katikati.

Mashamba makubwa ya wazi yamebaki matatu, la Kusini, la Magharibi na la Kinu. Kila mwaka moja lina ngano iliyopandwa kabla ya baridi, la pili lina mazao yanayopandwa baridi ikiisha, shayiri kwa mfano, la tatu linapumzika. Mwaka unaofuata wanazungusha. Zamani la kupumzika lilibaki tupu, mifugo inakula na kuacha mbolea, siku hizi wanaruhusu humo majani ya kulisha mifugo kama klova, maana mkulima wa leo hawezi kulipia kodi ardhi iliyokaa bure mwaka mzima. Pembeni na katikati ya ngwe kuna sehemu hazilimwi kabisa, kwenye vijito na miteremko mikali, wenyeji wanaziita sykes, na nyasi zake zinauzwa kwa mnada kila mwaka wakati wa kiangazi. Kwa sababu hazijawahi kupigwa plau zina maua ya porini ambayo kwingine Uingereza yameshakuwa adimu, hilo nalo ni faida ambayo hakuna aliyeipanga.

Sasa nifike kwenye mahakama, na hapa niruhusu nikae kidogo maana kwangu hii ndiyo Laxton yenyewe, ngwe peke yake zisingetosha. Kuna sehemu nyingine Uingereza zina mabaki ya ngwe, Braunton kule Devon, na eneo la Axholme kule Lincolnshire, ila kila mtu analima anavyotaka. Laxton wana mahakama yao ya kijiji, wenyewe wanaiita Court Leet, na ina meno ya kisheria. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya mwaka 1977 kufuta mamlaka ya mahakama ndogo ndogo za kizamani za aina hii, ya Laxton iliachwa iendelee kusimamia mashamba yake. Ukiwaeleza wanafunzi tumia neno wazee wa baraza wataelewa haraka, ni jopo la wakulima wenyewe, watu 12 na kiongozi wao, wanaoteuliwa kila mwaka.

Kazi yao iko hivi. Mwisho wa Novemba, ngano ikishapandwa, wazee wa jopo wanapanda tela linalovutwa na trekta wanaenda kukagua lile shamba la ngano la mwaka huo. Baridi ile, tope lile, wanashuka wanatembea ngwe kwa ngwe. Kwenye mipaka kuna vigingi vya mbao vimepigwa chini, wanaangalia kigingi kipo au kimeng'olewa na plau, kama hakipo wanapima upya wanapiga kingine hapo hapo, wote wanaona. Wanaangalia nani kalima akaingia kwenye njia ya wote, nani kamega kipande cha sykes, nani kaacha mtaro umeziba maji yanamwagikia jirani. Kumega ni kitu kidogo kidogo mwalimu, si mtu anaiba ngwe nzima, ni mfereji mmoja wa plau mwaka huu, mmoja mwaka ujao, baada ya miaka kumi njia ya tela imekuwa ya baiskeli. Wanaandika, halafu wanarudi kwenye baa, inaitwa Dovecote Inn, wanakula chakula cha mchana na kukubaliana orodha ya makosa.

Wiki moja baadaye mahakama yenyewe inakaa hapo hapo baa. Anaongoza msimamizi kwa niaba ya mwenye ardhi, majina yanaitwa, makosa yanasomwa, faini zinatozwa, jopo jipya linateuliwa kukagua shamba la mwaka unaofuata. Faini ni hela ndogo, ila kinachouma ni kusomwa jina mbele ya majirani zako ambao na wewe ulishawahi kuwakagua na watakuja kukukagua tena, hilo ndilo linalomfanya mtu arudishe plau yake nyuma. Hakuna polisi aliyeitwa na hakuna wakili aliyelipwa. Zamani walikuwa pia na mtu wa kukamata mifugo inayozurura, anaifungia kwenye zizi la kijiji mpaka mwenyewe aje alipe, na hilo zizi bado wanalo, wamelitunza.

Huwa nasikia watu wanasema mfumo huu ulikuwa wa kizamani kwa sababu kitu cha wote hakina mwenyewe, kila mtu atakimaliza. Mimi nimesoma historia ya kilimo kwa miaka na nakwambia hiyo hoja haifai kwa vijiji vya namna hii. Malisho hayakuwa holela, kila mwenye haki alijua idadi ya mifugo yake, tarehe ya kuingiza na tarehe ya kutoa, akizidisha anatajwa. Kitu cha wote kinaharibika pale kisipokuwa na watu wa kukikagua. Laxton wanakikagua kila Novemba, ndio maana kipo.

Tuna bahati nyingine kubwa, ramani. Mwaka 1635 mwenye ardhi wa wakati ule, Sir William Courten, tajiri mfanyabiashara wa London, alimlipa mpimaji Mark Pierce apime kijiji chote. Pierce akachora kila ngwe na akaandika kwenye daftari nani anayo na ukubwa wake, ngwe zaidi ya 2,000! Na hakuishia kwenye mistari, kachora watu wanalima, wanapanda, wanavuna, wanyama wako malishoni. Ramani iko Oxford kwenye maktaba ya Bodleian. Kwa hiyo Laxton unaweza kusimama leo kwenye kona ya shamba ukajua miaka karibu 400 iliyopita hapo alikuwa analima nani, vijiji vya kuweza hivyo ni vichache mno.

Kuhusu ua na kufukuzwa. Hapa naomba urekebishe kidogo unavyofundisha, si kwamba umekosea, ila umeunganisha mambo mawili ya nyakati tofauti. Kulikuwa na wimbi la kwanza, karne ya 15 na 16, sufu ya kondoo ina bei, na sehemu zingine kijiji tayari kimepungukiwa watu tangu tauni ya karne ya 14, bwana akawatoa waliobaki akaweka kondoo. Hapo watu walifukuzwa kweli, na kuna vijiji vilikufa kabisa, Wharram Percy kule Yorkshire limebaki gofu la kanisa tu na majani. Wimbi la pili ndilo la sheria za Bunge, lilipamba moto kuanzia kati ya karne ya 18 mpaka kati ya karne ya 19. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hii, zikagusa ekari kama milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza yenyewe. Utaratibu ulikuwa wa karatasi, wenye sehemu kubwa ya ardhi wakikubaliana wanapeleka maombi Bungeni, sheria inapita, makamishna wanakuja, wanapima, wanafuta ngwe zote na kumpa kila mwenye haki kipande kimoja. Kura ilihesabiwa kwa thamani ya ardhi, haikuhesabiwa vichwa. Kwa hiyo mabwana wawili watatu wangeweza kuamua kijiji cha watu mia tano.

Aliyeumia zaidi hapo ni yule wa chini kabisa, mwenye kibanda na ng'ombe mmoja, ambaye ardhi hana ila alikuwa anachunga kwenye malisho ya wote na kuokota kuni. Wengi hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha haki yao, ilikuwa mazoea tu ya babu na bibi, makamishna wakawapita. Waliopewa kipande walitakiwa wazungushe ua kwa gharama zao na wachangie gharama za upimaji, wengi wakauza. Hakufukuzwa siku ile, alibaki kijijini akawa kibarua, mshahara tu bila ng'ombe wala maziwa, na watoto wake ndio walioenda viwandani. Hiyo picha ni ya polepole zaidi lakini kwa maoni yangu inauma zaidi, na wanafunzi wetu wanaijua, wengi wametoka sehemu ambako haki ya malisho au njia ya maji ilikuwa ya mdomo mpaka siku mpimaji alipokuja.

Sasa Laxton ilinusurikaje? Si kwamba watu wake walikuwa na huruma kuliko wengine. Sehemu ya ardhi ya kijiji ilishazungushiwa ua mapema, lakini kwa haya mashamba ya katikati wenye ardhi wakubwa walikuwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough (Earl ni cheo cha mabwana wa huko), na hawakuelewana, bila wao wawili kukubaliana zoezi haliendi. Muda ukapita, na ilipofika mwisho wa karne ya 19 bei za nafaka zimeanguka sababu ya ngano ya bei rahisi kutoka Marekani, nani tena atatumia hela kupima na kuweka ua kwa ardhi isiyolipa? Badala ya kufuta ngwe, mwanzoni mwa karne ya 20 uongozi wa Manvers ukaziunganisha ndogo ndogo ziwe kubwa zaidi, mashine ziweze kupita. Leo hazifiki 200, na hiyo ndiyo inayofanya trekta iwezekane humo.

Mwaka 1952 familia ya Manvers ikauza kwa Wizara ya Kilimo, kwa nia kabisa kwamba serikali iutunze mfumo. Serikali nayo baadaye ikataka kuuza, watu wakapiga kelele, mwaka 1981 ikachukuliwa na shirika linalosimamia mali za ufalme. Nalo mwaka 2020 likauza kwa Thoresby, yaani mali za ukoo ule ule wa Manvers, ardhi imezunguka miaka karibu 70 imerudi nyumbani. Wakulima wenyewe ni wapangaji, na kukodi huko kunaenda pamoja na masharti ya ngwe, huwezi kuchukua shamba la Laxton ukasema mahakama ile mimi hainihusu. Sitakudanganya kwamba ni rahisi kwao, mwenye shamba moja la mstatili hapo jirani analima kwa GPS bila kugeuza geuza, wao wanatoa trekta kutoka ngwe hii kwenda ile, wanapoteza mafuta na muda. Wanaoendelea wanaendelea kwa sababu wanakitaka kijiji chao kiwe hivyo, na nawaheshimu sana kwa hilo.

Darasani fanya hivi, chora uwanja wa shule kama shamba moja, gawa ngwe 40, wape wanafunzi kumi ngwe nne nne zilizotawanyika, halafu teua wawili wawe wakaguzi wa mipaka na mmoja wa wenye ngwe awe yule anayetaka zake zote ziwe sehemu moja. Waache wabishane dakika 30. Na ukipata nafasi ya kusafiri siku moja, nenda Laxton mwezi wa saba uone nyasi na maua ya sykes, au kama unavumilia baridi nenda mwisho wa Novemba, uwaone wakishuka kwenye tela na nyundo zao na vigingi vipya.